Inchi za monita hupimwa kwa mshazari

Katika maduka ya kompyuta ya Moshi, mnunuzi akiuliza ukubwa wa monita hujibiwa kwa inchi, naye huondoka akiamini kwamba inchi 19 ni inchi 19, iwe ya zamani yenye umbo la karibu mraba au ya kisasa, pana na isiyo nene. Imani hiyo ni ya miaka mingi, na si sahihi.

Inchi hizo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya pili iliyo mkabala nayo, kwa hiyo hazisemi lolote kuhusu kimo. Ukichukua futi ya fundi cherehani na kupima monita ya zamani ya inchi 19, yenye uwiano wa upana na kimo wa 5 kwa 4, utapata kimo cha takriban sentimita 30. Monita pana ya inchi 19, yenye uwiano wa 16 kwa 9, haifiki sentimita 24. Anayeandika barua au kujaza hesabu za duka nyumbani atauhisi upungufu huo mara moja, kwani mistari inayoonekana kwa pamoja hupungua. Ili kukirudisha kimo alichokizoea, atahitaji monita pana ya inchi 24.

Ukubwa pia si ukali wa maandishi: pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa 1080 zikitandazwa kwenye inchi 27, herufi huwa na kingo zenye vijino zaidi kuliko kwenye inchi 24. Unene mdogo wa monita, kwa maoni yangu, ni suala la nafasi mezani tu.