Mwigaji wa majabali ni ndege gani?

Mtu aliyelala nyumba za mlimani Mwanza, zile ambazo ukuta wa nyuma umeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, anaweza kuamka alfajiri akidhani ndege watano wanalia nje. Akichungulia anamkuta mmoja tu, kasimama juu ya jabali.

Huyo ndiye mwigaji wa majabali. Wataalamu humwita Thamnolaea cinnamomeiventris, na hilo neno la pili maana yake ni tumbo la rangi ya mdalasini. Dume ni mweusi wa kung'aa, tumbo hilo la mdalasini, na baka jeupe begani. Jike hana baka, na weusi wake umefifia ukawa kijivu. Mimi namtambua kwa mkia kabla ya rangi: akitua, huuinua taratibu hadi juu ya mgongo, kisha akaushusha.

Anaitwa mwigaji kwa sababu huchomeka sauti za ndege wengine ndani ya wimbo wake. Sisi sauti yetu hutokea kooni. Ya ndege hutokea chini zaidi, pale bomba la pumzi linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili, na ndege waimbaji wana misuli mingi midogo kuzunguka sehemu hiyo. Tena wimbo wao hujifunzwa kwa kusikia. Ndiyo maana jogoo, pamoja na kelele zake zote, hahesabiwi kuwa ndege mwimbaji: kuwika amezaliwa nako.

Ndege hawa wanapatikana kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na majabali ya Serengeti nayo wanayapenda. Huishi wawili wawili, wakila wadudu na matunda ya porini. Kinachowashika hapo ni mianya ya mawe, na ndiyo maana huniuma kuona jabali linachomwa moto lipasuke litolewe kokoto.

Kiota hajengi kwa shida. Mara nyingi huchukua cha mbayuwayu, kile cha udongo kilichogandishwa chini ya mwamba au paa, hata kama ni kwa kuwafukuza wenyewe. Humo hutandika nywele za wanyama, na jike hutaga mayai 2 hadi 4. Basi ukiona kiota cha mbayuwayu chini ya paa lako kimejaa nywele za mbuzi, huenda mwenye nyumba amebadilika.