Mstari wa Goyder: mpaka wa ngano Australia Kusini
Kati ya Quorn na Hawker, chini ya Milima ya Flinders ambayo ni ardhi ya asili ya Waadnyamathanha, kuta za mawe zimesimama nyikani bila mapaa. Nyingi ni za wakulima wa ngano waliohamia Uwanda wa Willochra miaka ya 1870, licha ya onyo lililokwisha kutolewa kwamba huko hakufai kulimwa.

Mwaka 1865, kukiwa na ukame mkali, serikali ya koloni ilimtuma Mpimaji Mkuu wa Ardhi, George Goyder, abainishe ukame umeishia wapi, ili wafugaji waliopata hasara wapunguziwe kodi. Alizunguka kwa farasi karibu kilomita 3,200. Vituo vya kupimia mvua vilikuwa vichache, hivyo alisoma mimea. Kusini ilimea mikaratusi mifupi iitwayo mallee, yenye mashina mengi yatokayo kwenye kisiki kimoja kilichofukiwa ardhini. Kaskazini, vichaka vya majani ya kijivu vinavyostahimili chumvi. Alichora mstari pale mimea hiyo inapopishana, karibu na mpaka wa mvua ya milimita 250 hadi 300 kwa mwaka; kaskazini yake mvua haikuaminika kwa kilimo. Mmea wa kudumu umepitia miaka mibaya na mizuri, ndiyo maana ushahidi wake ulizidi ule wa misimu michache.

Sheria ya 1869 iliruhusu kununua hadi ekari 640 kwa mkopo. Mwaka 1872 mikopo hiyo ikawekewa mpaka: ilitolewa kwa ardhi ya kusini mwa mstari tu. Mvua zikanyesha vizuri, watu wakadai ardhi zaidi, na mwaka 1874 mpaka ukafutwa. Wengi waliamini mvua hufuata plau, yaani kulima ardhi huleta mvua. Reli ilifika Quorn mwaka 1879. Mwaka uliofuata ukame ukarudi.

Wastani wa mvua ndio uliowaponza, kwa kuwa hausemi mvua itanyesha lini. Ngano ya huko hupandwa Mei au Juni na kuchanua kama Septemba. Mvua ikikatika Agosti, masuke hutoka na punje zilizosinyaa, hata kama kiangazi kitaleta mafuriko. Plau nayo ilikuwa imeng'oa vichaka, udongo wa juu ukapeperushwa na upepo. Kugeukia kondoo kulishindikana: ekari 640 zilitosha shamba la ngano kusini, lakini kwenye malisho makavu hazikutosha kundi la kulisha familia, na deni la ardhi lilibaki palepale. Wengi waliondoka, na mashamba yakaunganishwa kuwa ranchi kubwa za mifugo.