Udongo wa Siberia ukiyeyuka, uliza kwanza maji yanaelekea wapi

Pamafrosti ni ardhi ambayo joto lake halizidi nyuzi 0 kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Mara nyingi ni maelfu ya miaka. Picha zake mitandaoni karibu zote ni za barafu, lakini mimi ni mtu wa udongo, na ninachokitazama ni matope yanayobaki barafu ikishaondoka.

Mkulima wa Usukumani ataelewa haraka. Anzia kwenye mawe ya Misungwi au Kwimba, ushuke taratibu. Juu utakuta luseni, udongo wa kichanga usioshika maji. Chini zaidi kuna itogolo, gumu hata jembe linalalamika. Bondeni kabisa kuna mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kutuama maji masika, wanakotengeneza majaruba ya mpunga. Mvua ni ileile. Kilichotofautiana ni mahali pa udongo kwenye mteremko. Mfuatano wa namna hii Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga, aliupa jina la katena miaka ya 1930. Leo jina hilo linatumika hata na wanaochimba udongo wa Aktiki, kule karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, na mimi hujivunia kwamba lilitokea huku kwetu.

Sasa twende kaskazini. Udongo wa maeneo ya pamafrosti umehifadhi kaboni ya mimea na wanyama ipatayo tani bilioni 1,500, karibu mara mbili ya iliyoko angani. Haijaoza kwa sababu vijidudu havifanyi kazi ya maana kwenye baridi ile. Udongo ukiyeyuka vinaamka, na hapo mteremko ndio unaoamua. Mahali pakavu, penye oksijeni, kaboni hutoka kama hewa ukaa, tena kwa kasi. Palipojaa maji hakuna oksijeni. Vijidudu vya aina nyingine hutengeneza methani, gesi inayopasha joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa kwa uzito uleule, ukihesabu kwa miaka 100. Majaruba yetu hutoa methani kwa njia hiyohiyo.

Kipi kibaya zaidi? Wataalamu walibishana. Mwaka 2016 Christina Schädel na wenzake walikusanya matokeo ya maabara nyingi, wakaona udongo wenye oksijeni hutoa kaboni mara 3.4 ya ule usio nayo. Basi ikaonekana bondeni si tatizo kubwa. Mwaka 2018 Christian Knoblauch na wenzake wakaja na udongo wa Siberia walioufuatilia maabara kwa miaka saba. Vijidudu vya methani vilichelewa sana kujijenga, ila vilipokomaa, udongo wa maji ukawa na uzito mkubwa zaidi katika kupasha dunia joto. Mimi naegemea upande huu. Jaribio la miezi michache halitoshi kwa vijidudu vinavyoanza karibu na sifuri.

Mimea nayo ina mkono wake. Mafunjo ya ziwani, kama yale ya mdomo wa mto Simiyu, yana mirija ya hewa ndani ya shina inayoshusha oksijeni mizizini na kupitisha methani kwenda juu. Majani ya tundra, zile nyanda za baridi zisizo na miti, yanayomea kwenye matope ni ya ukoo huohuo wa mafunjo, na hufanya kazi ileile.

Kinachotatiza hesabu zote ni kwamba mteremko wenyewe haukai ulivyo. Siberia na Alaska kuna udongo ambao zaidi ya nusu ya ujazo wake ni barafu. Barafu hiyo ikiyeyuka ardhi hudidimia: palipokuwa pakavu panakuwa kidimbwi, na penginepo kidimbwi hupasuka ukingo na kukauka. Merritt Turetsky na wenzake walikadiria mwaka 2020 kwamba uyeyukaji huu wa ghafla utagusa chini ya asilimia 20 ya eneo la pamafrosti, lakini eneo hilo dogo lina karibu nusu ya kaboni yake. Modeli nyingi za tabianchi bado zinahesabu udongo unaoyeyuka polepole kutoka juu kwenda chini, sentimita kwa sentimita.