Kujengeana Uwezo: Maana ya Ushirikiano wa Kusini na Kusini

Neno "kujenga uwezo" limetumika mno katika ripoti za miradi, hata wengi wakilisikia hufikiria semina ya siku tatu hotelini, cheti na posho. Maana yake ni nzito kuliko hiyo. Uwezo ni ile hali ya watu na taasisi zao kuweza kulitambua tatizo, kupanga namna ya kulitatua, na kuiendesha kazi hiyo wenyewe baada ya fedha za mradi kwisha na mtaalamu mgeni kurudi kwao. Maendeleo yasiyo na uwezo wa namna hiyo hayawezi kuitwa endelevu, kwa kuwa hudumu kwa muda ule tu ambao mfadhili yupo.

Ushirikiano wa Kusini na Kusini ni njia mojawapo ya kuupata uwezo huo. "Kusini" hapa ni jina la pamoja la nchi zinazoendelea za Afrika, Asia, Amerika ya Kilatini, Karibi na Pasifiki, hata zile zilizo kaskazini ya ikweta kama India. Kiswahili kinalieleza jambo hili vizuri, kwa sababu kinatenganisha kujengewa na kujengeana: anayejengewa hupokea tu, ilhali wanaojengeana kila mmoja ana cha kutoa na cha kujifunza.

Fikra hiyo ilijitokeza katika Mkutano wa nchi za Asia na Afrika uliofanyika Bandung, Indonesia, mwaka 1955, kisha ikapewa utaratibu mwaka 1978, pale wajumbe wa nchi 138 walipopitisha Mpango wa Utekelezaji wa Buenos Aires kuhusu ushirikiano wa kiufundi. Mwalimu Julius Nyerere aliipigania hadi mwisho wa maisha yake: aliongoza Tume ya Kusini, jopo la watu mashuhuri wa nchi zinazoendelea lililotoa ripoti yake mwaka 1990, na baadaye Kituo cha Kusini kilichopo Geneva. Leo imo pia katika Lengo la 17 la Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa.

Mfano ninaouthamini zaidi unatoka Tilonia, kijiji cha Rajasthan nchini India, kwenye chuo cha Barefoot College kilichoanzishwa mwaka 1972. Wanawake wa vijijini kutoka nchi mbalimbali, wengi wao wakiwa bibi wenye wajukuu na wasiojua kusoma, hukaa hapo miezi kadhaa wakijifunza ufundi wa umeme wa jua. Hawana lugha moja, hivyo mafunzo hupita katika rangi za nyaya, ishara za mikono na kurudia kazi ile ile mpaka vidole vizoee: kulehemu, kuunganisha saketi ya chaja, kupima betri. Wanawake wa Zanzibar wamekuwa miongoni mwao, na baadaye kituo kama hicho kikafunguliwa Kinyasini, Unguja, ambako baadhi ya waliosomea India waligeuka wakufunzi wa wenzao, sasa kwa Kiswahili. Ujuzi huu ulihama kwa urahisi kwa sababu ulizaliwa katika kijiji chenye jua kali, vumbi na kipato kidogo, mbali na gridi ya umeme, yaani katika mazingira ambayo mwanafunzi anayajua kwao.

Upo pia ushirikiano wa pande tatu, ambapo nchi tajiri au shirika la kimataifa hugharimia nchi mbili za Kusini zifundishane.

Hata hivyo, udugu wa Kusini peke yake hautoshi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na vijana wa Kitanzania na Kizambia walipelekwa China kusomea kazi ya reli. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Lakini miaka ilivyokwenda vipuri vilikosekana, injini zikasimama, na mizigo ikahamia barabarani, maana ujuzi wa fundi hauna pa kushika kama karakana haina vifaa wala bajeti ya matengenezo. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitiliana saini makubaliano ya kuifufua. Humo, zaidi ya idadi ya vichwa vya treni, inafaa kutazama ni mafundi wangapi wa karakana za Dar es Salaam na Mpika watakaofundishwa kuvifungua, kuvitengeneza na kuvirudisha njiani, na ni nani atakayelipia vipuri vya vichwa hivyo.