Jasaneobo: msomi, mvuvi na tunayoyakosea

Ukimwambia mtu ni filamu ya kihistoria ya Korea, anasubiri mapanga na fitina za ikulu. Jasaneobo, filamu ya mwongozaji Lee Joon-ik, inaiacha ikulu mapema na kuhamia kisiwani Heuksan, kwa wavuvi. Wapo pia wanaoidhania ya zamani kwa vile karibu yote ni nyeusi na nyeupe. Ilitoka 2021.

Kosa kubwa ni kuamini kwamba urafiki wa msomi Jeong Yak-jeon na kijana mvuvi Chang-dae umetungwa wote. Yak-jeon aliishi kweli. Mwaka 1801 serikali iliwaandama Wakatoliki, na familia yake ikakumbwa. Ndugu yake Yak-jong akauawa, mdogo wao Yak-yong akapelekwa uhamishoni Gangjin, na Yak-jeon mwenyewe akaishia Heuksan. Huko aliandika kitabu cha viumbe wa baharini, Jasaneobo, kilichoipa filamu jina lake, akakikamilisha 1814. Katika dibaji anamtaja Chang-dae: mtu mtulivu, mpenda vitabu, ila kwao ni maskini na vitabu ni vichache. Anasema mtu huyo huchunguza kila samaki, ndege na mmea anaokutana nao, kwa hiyo maneno yake ni ya kuaminika. Akamwalika wakae pamoja. Mimi hapo ndipo huguswa zaidi, kwa sababu msomi wa tabaka lile hakulazimika kumtaja maskini wa kisiwani hata kidogo.

Kilichotungwa ni mengine: kwamba Chang-dae ni mwana wa bwana mkubwa aliyezaliwa nje ya ndoa, safari yake ya kusaka cheo bara, na ugomvi wake na mwalimu. Historia haikutuachia hayo.

Wengine hudhani kitabu chenyewe ni cha michoro ya samaki. Hakina picha, ni maandishi matupu.

Tena wengi huona kwamba msomi alifundisha na mvuvi akapokea. Filamu inaonyesha wakibadilishana, huyu vitabu, yule samaki, na kitabu kinathibitisha sehemu ya Chang-dae. Fungua pale panapoelezwa heringi, jamaa ya dagaa wa baharini. Yak-jeon anaandika kwamba Chang-dae amesema heringi wa Yeongnam, kusini-mashariki, ana pingili 74 za uti wa mgongo, na wa Honam, kusini-magharibi, ana 53. Kuna mtu aliketi akazihesabu pingili hizo moja moja, na aliyeshika kalamu akahakikisha jina lake linabaki.