Bustani ya makao ya wazee iwe mikononi mwa wazee

Ukipita kwenye makao ya wazee hapa Moshi au Arusha, mara nyingi utakuta kipande cha bustani kilichotunzwa vizuri. Mchicha umestawi, sukuma wiki ipo, migomba imejipanga ukutani. Uliza nani kalima, utaambiwa ni kijana wa kazi, au vijana wa kanisani waliokuja Jumamosi. Wazee wako barazani, wanaangalia. Sisi tunaofanya kazi ya utengamao, yaani kuwasaidia watu warudie shughuli zao za kila siku, hali hii inatusumbua, kwa sababu mboga zinafika jikoni lakini sehemu kubwa ya faida ya bustani haimfikii mzee.

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwenye makao ya wazee jimboni Connecticut. Wazee wa ghorofa moja walikumbushwa kwamba mambo mengi ya maisha yao yako mikononi mwao, wakapewa mche wautunze wenyewe. Wa ghorofa nyingine nao walipewa mche, ila wakaambiwa wauguzi ndio watakaoumwagilia. Baada ya wiki 3, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na walishiriki zaidi shughuli za makao. Jaribio lenyewe lilikuwa dogo, na kundi hilo lilipewa uhuru wa kuamua mambo mengine pia, kwa hiyo sifa yote haiwezi kwenda kwa mche. Lakini mche walikuwa nao wote. Waliochangamka ni wale walioachiwa waamue.

Kwa wazee wetu jambo hili lina uzito zaidi. Aliyekulia Marangu, Machame, Kibosho au Rombo ametunza kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, tangu utoto: kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti mikubwa, maji ya mfongo (mfereji wa asili) kwa zamu, mimea ya masale mpakani. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huo, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Mtu mwenye ujuzi huo akifikishwa kwenye ua wa saruji na kuambiwa "pumzika tu, bibi", anakuwa amenyang'anywa kazi, na heshima ya kuulizwa ushauri nayo imekwenda.

Ndiyo maana kikundi cha bustani kianze kwa kikao kabla ya jembe. Wazee waseme wenyewe kipandwe nini, kianzie wapi, zamu ya asubuhi ni ya nani, na mavuno yaende jikoni au sokoni. Wakitaka mnavu na ngogwe wakati mfadhili kaleta mbegu za karoti, karoti zisubiri. Mafungu yakiuzwa soko la Mbuyuni hapa Moshi au la Kilombero Arusha, fedha ipangwe nao, hata kama watasema wanataka sukari na majani ya chai ya kwao wenyewe.

Wanaume wengi watajiweka pembeni mkianza na mboga, kwa kuwa kwao mboga ni kazi ya akina mama. Wapeni kahawa, migomba na ua wa masale. Mche wa kahawa huchukua kama miaka 3 kuanza kuzaa, na wapo wanaoona si vizuri kumpa mzee wa miaka 80 kazi ya namna hiyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Mzee huyo amepandia wajukuu miti maisha yake yote, na anajua vizuri anachofanya. Mwingine amekulia kwenye ufugaji, bustani haimvutii kabisa. Asilazimishwe, kuku wachache au mbuzi watamfaa zaidi.

Upande wa mwili, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 3 au zaidi ziwe na mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili ili kupunguza kuanguka. Kupalilia, kumwagilia na kubeba miche kunachangia sehemu nzuri ya dakika hizo, mradi mahali pa kazi pamfae mzee. Hapa ndipo makao mengi yanapokwama. Tuta la chini linamtaka mtu ainame, na mzee anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, akiinama kisha akainuka haraka anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka. Inueni matuta. Kitanda cha kupandia cha mbao au matofali chenye kimo cha sentimita 70 hivi kinamfaa anayefanya kazi ameketi. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji meza iliyo wazi chini, ili magoti yaingie. Upana usizidi sentimita 60 kama kitanda kinafikiwa upande mmoja tu. Viroba vilivyojazwa udongo na samadi iliyooza, vyenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, vinafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Keni ya lita 10 ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo 10, kwa hiyo tumieni kidumu cha lita 3. Mpini wa kijembe uzungushieni mpira wa tyubu ya baiskeli hadi unenepe: vidole vyenye baridi yabisi havikunjiki vizuri kwenye mpini mwembamba, na marekebisho haya madogo ndiyo yanayomrudisha mtu kazini. Kazi ianze saa 1:30 asubuhi na iishe kabla jua halijawa kali. Maji ya kunywa yatolewe kwa saa maalumu bila kungoja mtu aseme ana kiu, maana uzee hupunguza hisia ya kiu.

Pepopunda naitaja peke yake kwa sababu inasahaulika. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975, kwa hiyo aliyevuka miaka 60 leo alizaliwa kabla yake. Akina mama wengi walichomwa wakiwa wajawazito; wanaume wengi huenda hawajawahi. Ulizeni kituo cha afya kabla mikono haijaingia kwenye udongo na samadi. Wenye kisukari wavae viatu vilivyofunika vidole, na miguu yao ikaguliwe wakimaliza. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mboga za majani. Ale kiasi kilekile kila wiki, na amweleze daktari wake.

Wenye ugonjwa wa kusahau wasiachwe nje ya kikundi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na kuchapishwa 2013 ulikuta takribani watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huo, kwa hiyo karibu kila makao yatakuwa nao. Asiyekumbuka jina la mwanawe anaweza bado kuchambua mnavu, majani huku, vijiti kule, bila kuelekezwa, kwa kuwa kazi iliyozoewa na mikono huchelewa kupotea. Mpeni kazi moja kwa wakati mmoja, panda mchaichai na mrehani karibu na anapokaa, na msimsahihishe akipanda mstari uliopinda.

Februari ndio mwezi mzuri wa kufanya kikao na kuinua matuta, ili masika ya Machi hadi Mei yakute kila kitu tayari. Mvua zikikolea, ua unateleza. Zamu zihamie kwenye viroba vilivyo chini ya paa la baraza. Mchicha utakuwa tayari ndani ya wiki 4 hivi, muda mfupi unaowafaa wanaosita kujiunga. Juni na Julai baridi ikizidi, kazi isogezwe hadi saa 4, na wasiotaka kutoka wapewe mbegu za kupukuchua na kuhifadhi kwa ajili ya vuli.