13.24 ya Mjomba

"Mwalimu, mpwa wangu kaisha. Tangu achezwe unyago, mbio zimemtoka."

Alikuwa mjomba mtu, mzee wa heshima, kakaa kwenye benchi la ofisi ya michezo (ni stoo ya majembe, sisi tunaiita ofisi). Nilikuwa nimempa shikamoo yake, na kabla sijamtafutia maji ya kunywa alikwisha nionyesha simu. Kwenye simu kuna picha ya namba: 13.24. Hiyo ni mita 100 ya mpwa wake, nitamwita Somoe, alipokuwa darasa la sita. Mwezi wa sita mwaka huu, akiwa kidato cha kwanza, Somoe kakimbia 14.1 kwenye mchujo wa wilaya wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na kaachwa nje ya timu. Hesabu ya mjomba ikawa fupi: katikati ya namba mbili hizo kuna unyago, basi unyago ndio umekula mbio.

Hii ni mara ya nne mwaka huu naambiwa maneno hayo hayo. Mara moja ni bibi, mara moja ni mwalimu mwenzangu ambaye ana shahada ya sayansi na nilitegemea angejionea haya mwenyewe. Kwa wavulana wanasema jando. Kwa wasichana wanasema unyago, halafu wanashusha sauti na kuongeza "na mambo mengine", yaani mtoto kaanza wanaume. Hapo ndipo napandisha presha. Msichana wa miaka 13 anapungua sehemu ya sekunde, na mtaa mzima unaanza kumtafutia mchumba wa kumsingizia.

Niseme wazi, mimi mwenyewe nimepita jandoni, sina ugomvi na ngoma ya mtu. Lakini tazameni kalenda. Mtoto wa huku kwetu Mtwara anamaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa. Shule inamfungia geti hadi Januari. Oktoba korosho zinaanguka, anaamkia shambani kuokota, anainama siku nzima. Akitoka hapo anachezwa, anawekwa ndani siku zake, analishwa vizuri, anatolewa nje na kanga mpya, watu wanatunza. Januari anakuja kidato cha kwanza. Hapo hajakimbia hata hatua mia kwa miezi minne! Mngemfungia hata ng'ombe wa kukokota mkokoteni miezi minne, mngemshangaa akihema? Unyago unabebeshwa lawama ya likizo.

Na miezi hiyo hiyo mwili nao una ngoma yake. Kwenye ukuta wa stoo yangu kuna mistari ya chaki. Kila mwezi nawasimamisha watoto pale, visigino ukutani, kitabu kichwani, nachora. Kati ya Januari na Septemba Somoe kapanda sentimita 6. Kwa wastani wasichana wanarefuka kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14, ila wastani ni wastani tu. Mmoja anatangulia, mwingine anachelewa miaka miwili. Miguu inatangulia, kiwiliwili kinafuata. Kwa hiyo unakuwa na mtoto mwenye miguu mipya na misuli ya mwaka jana. Hatua inarefuka, lakini hatua kwa sekunde zinapungua, kwa sababu nguvu ya kuisukuma miguu ile bado haijafika. Mmewahi kumwona mtoto aliyeazima baiskeli ya kaka yake? Anakanyaga pedeli kwa ncha za vidole, makalio yanacheza kushoto na kulia. Ndivyo Somoe alivyokuwa anakimbia mwezi wa tatu. Mikono inakwenda Lindi, miguu inakwenda Newala.

Kwa msichana kuna la ziada. Akibalehe mwili unajiwekea mafuta kwenye nyonga na mapaja, na hilo ni jambo la afya, silo uvivu. Wavulana wakati huo wanaongezewa misuli na homoni zao bure kabisa, hata wakilala. Ndiyo maana wale wavulana aliokuwa akiwaacha darasa la tano leo wanampita. Kabla ya balehe tofauti ya mbio kati ya msichana na mvulana ni ndogo. Baadaye inafunguka na haifungi tena. Kumpima Somoe kwa mgongo wa binamu yake wa kiume ni kumdhulumu.

Haya, hayo mjomba aliyasikiliza kwa adabu. Kisha akainua tena simu. "Lakini mwalimu, 13.24."

Hapo sasa.

Namba hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike leo. Mzee aliipata mwenyewe: alisimama kwenye mstari wa kumalizia, filimbi ikalia kule mwanzo, akabonyeza simu, mtoto akapita, akabonyeza tena. Yeye anaona kapima mbio. Tuifungue hiyo namba kama mtu anavyomenya ming'oko, ganda moja moja.

Kwanza hiyo 24 ya mwisho. Kidole cha binadamu hakijui sehemu ya mia ya sekunde. Simu inaionyesha kwa sababu imetengenezwa kuonyesha. Kwenye kanuni za riadha, muda uliopimwa kwa mkono unapandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa hiyo 13.24 inaandikwa 13.3. Na wakitaka kuulinganisha na muda wa mashine, kwenye mita 100 wanauongezea 0.24. Mnaona? Kabla hatujatoka ofisini mtoto kashaongezewa muda na bado hatujafika uwanjani. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu alikimbia kilomita 42 na ushee, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakaandikiwa muda ule ule, 2:09:48, na picha ya mashine ndiyo iliyosema Simbu kashinda kwa 0.03 ya sekunde. Sehemu tatu za mia! Hiyo ni kazi ya kamera, wala msiniletee kidole gumba.

Pili, filimbi. Sauti inakwenda mita kama 340 kwa sekunde. Ukiwa umesimama mita 100 kutoka kwa mpuliza filimbi, sauti inakufikia karibu sekunde 0.3 baada ya mtoto kuisikia. Yeye kashaondoka, wewe bado unasubiri kusikia. Ndiyo maana mimi natumia mbao mbili: mwanzishaji anazinyanyua juu, anazigonganisha, na wapima muda tunabonyeza tunapoziona zinagusana. Jicho halicheleweshwi. Kwenye uwanja wa darasa la sita hapakuwa na mbao. Mtoto kazawadiwa 0.3 bure.

Tatu, uwanja wenyewe. Huu ulinikera hadi nikaazima futikamba ya mita 50 kwa fundi ujenzi, nikapanda bodaboda siku ya Jumamosi, nikaenda kuupima. Shule sitaitaja. Nikaambiwa mita 100 yao ilipimwa kwa hatua mia za mwalimu mmoja, na nilipoonyeshwa mwalimu mwenyewe nikaelewa kila kitu. Ni mtu mwema, lakini ni mfupi. Kutoka mstari hadi mstari nilipata mita 96 na nusu. Mtoto wa kasi ile, mita tatu na nusu za mwisho ni karibu nusu sekunde.

Jumlisheni wenyewe: 13.24, ongeza 0.3 ya filimbi, ongeza karibu nusu sekunde ya uwanja. Mnafika 14 au kasoro kidogo sana.

Na sijagusa upepo. Mchujo wa shule za msingi unafanyika Mei na Juni, kusi imekwisha shika, na anayeishi karibu na bahari huku Mtwara anajua kusi ya mchana ikoje. Uwanja ule watoto wanakimbia kusi ikiwa mgongoni. Niliuliza kwa nini mstari wa kumalizia uko upande huo, nikajibiwa kwamba ndiko uliko mwembe, na wageni rasmi wanahitaji kivuli. Basi. Kwenye mashindano ya kweli upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde rekodi haihesabiwi. Upepo wa siku ile ulikuwa kiasi gani? Hakuna aliyepima. Kwa hiyo siwezi kuusogeza popote kwenye hesabu, wala siwezi kujifanya haukuwepo.

Sasa ile 14.1 ya mwezi wa sita: mita 100 za futikamba, mbao, wapima muda watatu, upepo wa ubavuni. Ziwekeni pamoja. Somoe hajashuka. Inawezekana kasimama pale pale, inawezekana kapanda kidogo. Na kusimama pale pale huku unaubeba mwili mpya wenye miguu mirefu, bila mazoezi miezi minne, mimi nakuita kazi nzuri.

Mambo mawili nitayapita haraka. Goti likiuma chini kidogo ya pia ya goti, penye kinundu cha mfupa, kwa mtoto anayerefuka: punguzeni kuruka na mbio za kasi, apelekwe hospitali, na tafadhali asichuliwe kwa mafuta ya moto na kuvutwa mguu. Kisigino vilevile. Jingine ni damu: msichana aliyeanza hedhi anapoteza madini ya chuma, na akichoka kupita kiasi apimwe damu kabla ya kuitwa mvivu. Dagaa, maharage, mboga za majani, na ile chai ya rangi isubiri, isinywewe juu ya chakula, kwani inazuia chuma kuingia mwilini.

Na umri? Sitaki kuanza. Tunawalinganisha watoto kwa umri wa karatasi, halafu kwenye mstari wa kuanzia unamkuta "mtoto wa miaka 14" kanyoa ndevu asubuhi. Mamluki hao wanawaumiza akina Somoe kuliko ngoma zote za Newala na Tandahimba.

Ila nami nisijifanye mganga. Nina yangu. Miaka ya nyuma nilikuwa na kijana wa mita 1500, darasa la saba, alikuwa anawaacha hadi wa kidato cha tatu. Nikapagawa. Kila siku mazoezi, Jumamosi namkimbiza kutoka mjini hadi Mikindani na kurudi, karibu kilomita 20, mtoto wa miaka 13. Alipoanza kurefuka muda wake ukagoma. Mimi, mwalimu wenu ninayewacheka wajomba leo, nilimwambia kalegea, nikamwongezea kilomita. Akaanza kusema goti. Nikasema visingizio. Mwaka ule ule akaacha. Leo anaendesha bodaboda, tukikutana ananiita "kochi" kwa furaha kabisa, na hiyo furaha ndiyo inayoniuma zaidi. Sijui kama ningemtuliza angefika wapi. Pengine angeacha tu, watoto wanaacha. Lakini sikumpa nafasi ya kuacha kwa sababu zake mwenyewe.

Hata ule ukuta wa chaki haunipi majibu yote. Unaniambia nani anarefuka na nimpunguzie nani mzigo. Hauniambii nani atarudi. Nimeona wasichana wawili waliosimama mwaka mzima kama Somoe: mmoja kidato cha tatu akafunguka na kupita wote, mwingine hakurudi kabisa, na mpaka leo nikitazama mistari yao ukutani sioni tofauti. Vitabu vya kozi ya ukocha vinachora mstari unaopanda kama ngazi. Mimi watoto wangu wanapanda kama njia ya kwenda makondeni, kilima, bonde, mchanga.

Kwa hiyo mazoezi ya Somoe sasa ni mepesi: mbio fupi fupi za mita 30, kuruka kamba kidogo, kujifunza upya kuweka mikono, na siku mbili za kucheza netiboli akisahau kwamba kuna kitu kinaitwa muda. Mjomba hakupenda. Alitaka nimpe "dozi".

Nikamwalika Ijumaa uwanjani, baada ya swala. Nikamkabidhi stopuwachi moja, moja akashika mwalimu wa hesabu, moja mimi. Nikamweleza zaidi ya mara tatu: mjomba, tazama mbao, usisubiri sauti. Akasema ameelewa. Mbao zikagongana, Somoe akaja, mikono safari hii ikielekea upande mmoja na miguu, akapita.

Mwalimu wa hesabu: 14.0. Mimi: 13.9. Mjomba: 13.6.

Saa zikiwa tatu kanuni inachukua ya katikati, nikaandika 13.9 daftarini. Mjomba akalitazama daftari, akaitazama stopuwachi yake, akaipiga picha kwa simu.

"Hizo zenu zinachelewa, mwalimu," akasema, akaenda kumnunulia mpwa wake soda.